Sanduku la Kufuli Tatu

Faida ya mwaka ilibaki elfu tisini na mbili,
haigawanyiki kwa watu saba bila kununiana.
Mwanakombo akasema: basi tukodi boti.
Mimi mweka hazina nikaandika: boti, mafuta, maji ya kunywa,
na chini yake, kwa aibu kidogo: kutembea.

Raskazone asubuhi, maji yamekupwa.
Viatu mkononi, pindo za madera kwenye meno,
tunavuka tope hadi kwenye boti ya Shekue.
Anatugawia majaketi ya kuokolea, yananuka petroli.
Langu halifungi kifuani.
"Vuta pumzi, mama."
Nimeivuta tangu mwaka juzi, sijaishusha.

Tukazunguka Toten, tukashika njia ya Ulenge.
Jabali limeliwa chini, juu limebaki bapa,
kama jino bovu linalokataa kung'oka.
Kijana wa injini akapaza sauti:
"Haya yote yalikuwa hai! Matumbawe!
Jiwe la kwetu huzaliwa, halipikwi!"

Mwalimu Hiza akakohoa.
Nusu ya Korogwe inakijua kikohozi kile.
Miaka thelathini na moja ya jiografia,
na mlima wa moto anaoujua ni wa chaki:
pembetatu, mshale, neno *kasoko*,
kengele ikilia, unafutwa.

Penye mkondo taka zilikuwa zimekusanyika:
ndala moja ya kushoto, mwani, chupa ya dawa ya kikohozi,
na kitu cha kijivu, kinaelea.
"Sponji," akasema Mwanakombo. Akakiokota, akakibinya.
Hakikubinyika.

Jiwe.
Jiwe linaelea!
Bi Rukaya wa Barabara ya Kumi na Tano
akasoma alichosoma, akasogea hadi ukingoni.
Semkiwa fundi viatu akasema ni plastiki, hao Wachina hao.
"La kusugulia visigino," Mwanakombo akakata shauri,
"sokoni wanauza elfu tatu."

Hiza alilipokea kwa mikono miwili,
kama mtu anayeshikishwa mtoto asiye wake.
Akaliweka sikioni.
"Ndiyo hii."
"Ndiyo nini?"
"Ninayoichora."

Akatueleza, wala si kwa sauti ya darasani.
Kwamba mahali fulani ardhi ilichemka kama uji,
ukafurika, na povu likaganda kabla halijapasuka.
Kwamba kila kitundu hiki ni pumzi ya huko,
imefungiwa humo, imekuja nayo mpaka hapa
bila nahodha, bila kuulizwa kitambulisho.

"Mbali kiasi gani?" nikauliza.
Akafungua mdomo. Akaufunga.
Mtu aliyewajibu watoto wa watu kwa ramani na fimbo
akanitazama, macho yamejaa chumvi au kitu kingine.
"Sijui, mweka hazina."

Injini ilikuwa imezimwa. Sijui nani aliizima.

Kurudi tulibishana njia nzima.
Mwanakombo ndiye aliyeliona, Hiza ndiye aliyelijua,
boti ni ya fedha ya wote,
na katiba yetu haina kifungu cha mawe.

Kwa hiyo liko sandukuni, juu ya daftari la madeni.
Kufuli tatu, funguo tatu, nyumba tatu.
Nimeliandikia mstari wake:
jiwe, moja.
Uzito: wa kipande cha mkate mkavu.
Thamani: pameachwa wazi.

Jumamosi, kabla ya kununua hisa,
Hiza huomba beseni. Hatumwulizi la nini.
Tunamimina maji, tunasogeza vigoda.
Mwanakombo, marejesho yake yamechelewa miezi miwili,
na jina lake mimi silisomi tena kwa sauti,
hulibonyeza kwa kidole mpaka chini kabisa,
akaliachia.
Linapanda, linatikisika, linatulia.

"Tena," anasema.
Hakuna anayemkumbusha kuwa muda umekwenda.